Anayezima Moto Kinna Anavuta Nini?

Moto ukishika nyasi kavu kati ya Kinna na mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Meru, hakuna king'ora kinacholia. Zinazolia ni simu. Mchungaji anampigia mwenzake, mwenzake anampigia mzee wa dedha, msimamizi wa malisho, mzee anampigia askari wa wanyamapori, na muda si muda vijana wamejazana nyuma ya pikapu wakiwa na mapanga, majembe na matawi mabichi, wanaelekea kule moshi unakopanda. Wengine wanafika kwa boda boda. Kabla ya kushuka kila mmoja anajifunga shuka puani. Hiyo ndiyo barakoa.

Moto ukishazimwa, maswali huwa ni yale yale. Umekula malisho kiasi gani? Mifugo imepona? Nani aliyeuwasha? Ni maswali ya haki, kwa maana nyasi za kiangazi ndizo uhai wa ng'ombe. Lakini kuna swali moja lisiloulizwa, na makala haya yameandikwa kwa ajili yake: wale waliouzima walivuta nini, na kitawafanya nini miaka kumi au thelathini ijayo?

Kinna iko katika eneo la Garbatulla, Kaunti ya Isiolo. Upande mmoja ni Hifadhi ya Meru na ukanda wa Bisanadi, upande mwingine ni vilima vya Nyambene inakotoka miraa, na mbele ni nyanda za malisho hadi Garbatulla na kuendelea. Wakazi wengi ni Waborana, wafugaji wa ng'ombe, ngamia na mbuzi. Kando ya mito wapo wanaolima kwa maji ya mifereji. Gari la zimamoto likitoka Isiolo mjini, kipande cha barabara cha kufika Kulamawe pekee kinazidi kilomita 70, na hapo bado halijashika njia ya Kinna. Duka la mabati lililojaa magodoro na mafuta ya kupikia haliwezi kungoja safari hiyo. Kwa sababu hiyo, katika mji huu, mzima moto wa kwanza ni jirani. Wa pili ni askari wa Shirika la Huduma za Wanyamapori Kenya (KWS) au mlinzi wa wanyamapori wa kijiji. Mzima moto aliyeajiriwa na kaunti, mwenye koti zito na kofia ngumu, ni wa tatu, na mara nyingi hukuta majivu.

Naanza na jirani huyu kwa makusudi, kwa maana mazungumzo kuhusu hewa yenye sumu kwenye moto huwa yanahusu miji mikubwa, vituo vyenye magari ya ngazi na wanaume wenye mitungi mgongoni. Mapafu ya kijana wa Kinna ni yale yale ya mzima moto wa Nairobi au wa New York. Kinachotofautiana ni kwamba yeye hana mtungi, hana daftari linaloandika jina lake, na hana aliyemwambia kwamba moshi ule una zaidi ya kuwasha macho.

Moshi una nini ndani

Watu wengi wanaokufa kwenye moto wa nyumba hawafi kwa kuungua. Wanakufa kwa moshi, na mara nyingi kabla miali haijawafikia. Muuaji wa kwanza ni kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayotoka kila kitu kinapoungua bila hewa ya kutosha. Ikiingia kwenye damu hushikamana na hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ni mgeni anayekalia kigoda cha mwenye nyumba na kukataa kuinuka. Moyo unapiga, mapafu yanavuta, lakini ubongo haupati oksijeni yake. Mtu anaanza kuumwa kichwa, anachanganyikiwa, miguu inalegea, na kwa kuwa akili ndiyo inayozimika kwanza, hajui kwamba anatakiwa kutoka.

Wa pili ni sianidi ya hidrojeni. Hapa ndipo duka dogo la kijijini lilipobadilika bila wengi wetu kuona. Zamani kilichoungua kilikuwa mbao, makuti, ngozi na pamba. Leo ndani ya chumba kimoja cha mabati kuna magodoro ya sponji, mazulia ya nailoni, ndoo na mitungi ya plastiki, nyaya zilizovikwa PVC, simu na betri za sola. Sponji ya godoro ikiungua hutoa sianidi. PVC hutoa asidi inayochoma koo na mapafu. Betri za lithiamu hutoa gesi za floridi. Rangi, gundi na plastiki kwa pamoja hutoa benzeni na formaldihaidi, ambazo zote mbili zinajulikana kusababisha saratani. Moshi mweusi mzito unaoonekana ukitoka dukani ni mchanganyiko wa haya yote, pamoja na masizi laini yanayobeba kemikali hizo hadi ndani kabisa ya mapafu.

Moshi wa nyasi na vichaka una sura nyingine. Hauna plastiki nyingi, lakini una chembe ndogo mno, zenye kipenyo kisichofika sehemu moja kwa ishirini ya unywele wa binadamu, ambazo hupita puani, hupita kooni, huingia kwenye vifuko vya hewa na kuvuka hadi kwenye damu. Una kaboni monoksidi pia, na una akrolini, ambayo ndiyo huwasha macho na koo. Na tofauti na moto wa duka unaokwisha kwa saa chache, moto wa nyika unaweza kukaa siku kadhaa. Vijana wanalala karibu na mstari wa moto, wanaamka kwenye moshi, wanakula kwenye moshi. Watafiti wa Marekani mwaka 2019 walikadiria kwamba wazima moto wa porini, kutegemea idadi ya siku za kazi na miaka ya utumishi, wanaongezewa hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu kwa asilimia 8 hadi 43, na kwa magonjwa ya moyo kwa asilimia 16 hadi 30. Ni makadirio, lakini yanatosha kumfanya kiongozi yeyote wa Isiolo akose usingizi.

Shuka lililofungwa puani linafanya nini? Linazuia majivu makubwa yanayoruka, basi. Chembe ndogo zinapita katikati ya nyuzi. Gesi zinapita bila kujua kama kuna kitambaa. Kulilowesha maji hakubadilishi hilo, na karibu na joto kali kitambaa kilicholowa kinaweza kugeuka mvuke unaounguza uso. Na maziwa? Huku kwetu kuna imani kubwa kwamba aliyevuta moshi anyweshwe maziwa ili yakamate sumu. Maziwa huenda tumboni. Moshi uko mapafuni na kwenye damu. Mpe mtu maziwa kama ana njaa, lakini kinachomwokoa aliyevuta moshi ni hewa safi na oksijeni.

Kilichosemwa Lyon

Mwezi Juni 2022 wanasayansi 25 kutoka nchi 8 walikutana Lyon, Ufaransa, katika Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni chombo cha Shirika la Afya Duniani. Walikuwa na kazi moja, nayo ni kupitia ushahidi wote uliokusanywa duniani kuhusu kazi ya kuzima moto. Shirika hilo lilipoitazama kazi hiyo mwaka 2007, liliiweka katika kundi la mambo yanayoweza kusababisha saratani. Safari hii hapakuwa na shaka. Kazi ya kuzima moto ikahamishiwa Kundi la 1, pamoja na moshi wa tumbaku na asbesto: inasababisha saratani kwa binadamu. Ushahidi ulitosha kwa aina mbili, saratani ya kibofu cha mkojo na mesothelioma, ile ya utando unaofunika mapafu. Kwa utumbo mpana, tezi dume, korodani, ngozi na aina fulani ya saratani ya limfu, ushahidi ulionekana ingawa haukufika kiwango hicho.

Uamuzi huo hauhusu waajiriwa tu. Wataalamu walitazama kazi yenyewe, na walitaja wazi kwamba wanaoifanya ni pamoja na wanaojitolea, wanaozima moto wa majengo, wa magari na wa misitu. Kijana wa Kinna yumo.

Mesothelioma inanipa wasiwasi wa pekee. Mara nyingi inatokana na nyuzi za asbesto, na kati ya siku mtu alipovuta nyuzi hizo na siku ugonjwa unapojitokeza inaweza kupita miaka 20 hadi 50. Kenya iliiweka asbesto kwenye orodha ya taka hatari katika kanuni za mwaka 2006, lakini mapaa ya zamani hayakuondoka siku hiyo. Nyumba za watumishi, madarasa na maghala yaliyojengwa zamani bado yamefunikwa nayo sehemu nyingi za nchi. Paa hilo likipasuka kwa moto, nyuzi zinaruka. Anayesimama chini yake leo na ndoo ya maji anaweza kuugua akiwa babu, na hakuna atakayekumbuka moto ule.

New York wanajua maana ya kungoja. Siku ya tarehe 11 Septemba 2001, idara ya zimamoto ya mji huo ilipoteza watu 343. Kufikia Septemba 2023, idadi ya wazima moto waliokufa kwa magonjwa yaliyotokana na vumbi na moshi wa majengo yale ilikuwa imefika 343 pia. Walikufa mmoja mmoja, hospitalini na nyumbani, katika kipindi cha miaka 22. Sababu dunia inawajua ni kwamba majina yao yaliandikwa na afya zao zikafuatiliwa tangu mwanzo.

Lolldaiga si mbali

Kwa anayeona mifano hiyo ni ya mbali, tupande hadi Laikipia, kaunti jirani. Mwezi Machi 2021 moto uliunguza maelfu ya ekari katika ranchi ya Lolldaiga wakati wanajeshi wa Uingereza wakifanya mazoezi huko. Wakazi wa vijiji vya kando walikaa kwenye moshi kwa siku kadhaa. Mwanamume mmoja aliyekwenda kusaidia kuuzima alikufa kwa kugongwa na gari. Watu walilalamika kuhusu vifua, macho, watoto wanaokohoa, mifugo na mali, wakaenda mahakamani. Kesi ilichukua miaka. Mwaka 2025 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 2.9 kwa wadai 7,723.

Ukigawanya, kila mmoja anapata kiasi kidogo, na wapo waliosema hivyo kwa uchungu. Kwangu uzito wa kesi ile uko mahali pengine. Maelfu ya wafugaji na wakulima walidai kwamba moshi wa nyika ni madhara, wakalipwa. Na ugumu wao mkubwa ulikuwa ule ule utakaomkuta yeyote wa Kinna: kuthibitisha. Nani alikuwepo, kwa saa ngapi, akiwa umbali gani, na kituo cha afya kiliandika nini siku ile? Bila karatasi, kikohozi ni kikohozi tu.

Mtungi bila kompresa

Jibu la kwanza linalokuja kichwani ni kununua vifaa. Sawa, lakini tuelewe tunanunua nini. Kwa moto wa jengo hakuna mbadala wa mtungi wa hewa na barakoa inayofunika uso wote. Barakoa za kawaida za hospitalini hazina maana hapo. Hata zile za N95, tulizozijua wakati wa korona, huzuia chembe lakini haziwezi kuzuia kaboni monoksidi wala sianidi.

Mtungi wa kawaida wa zimamoto una ujazo wa takriban lita 6.8 na hujazwa hadi shinikizo la baa 300. Hiyo ni hewa ya lita 2,000 hivi. Mtu anayetembea taratibu hutumia lita 40 kwa dakika, kwa hiyo kwenye karatasi mtungi unampa dakika 50. Lakini mtu anayevuta mpira wa maji, amebeba kilo 20 za vifaa, katika joto la Kinna, anaweza kutumia mara mbili ya kiasi hicho. Zinabaki dakika 25, na ndani yake lazima zitoshe kuingia na kutoka.

Baada ya hapo mtungi ni mtupu, na hapa ndipo mipango mingi ya kaunti zetu hukwama. Mtungi haujazwi kwa pampu ya gereji. Hewa ya gereji ina mafuta na inaweza kuwa na kaboni monoksidi kutoka kwenye injini yenyewe, yaani ile ile sumu unayoikimbia. Inatakiwa kompresa maalumu ya hewa ya kupumua, yenye vichungi vinavyobadilishwa kwa wakati, na fundi anayejua kuipima. Pwani, kule Diani na Watamu, wenye biashara ya kuzamia wanazo kompresa za aina hiyo, kwa sababu mteja akivuta hewa chafu chini ya bahari atakufa na biashara itakufa naye. Kaunti inayonunua mitungi kumi bila kompresa imenunua mitungi ya kutumika mara moja.

Jambo jingine halisemwi kwa sababu ni la heshima. Barakoa inayobana uso haibani kwenye ndevu. Moshi hupenya pembeni. Wanaume wengi wa Kinna wanafuga ndevu kwa imani yao ya dini, na hakuna haki ya kumlazimisha mtu achague kati ya imani na mapafu yake. Zipo kofia za kuvuta hewa kwa feni zinazofunika kichwa chote bila kubana uso, na kwa moshi wa nyika zinasaidia kuzuia chembe. Kwa kuingia ndani ya jengo linaloungua hazitoshi; kazi ya ndani ipewe asiye na ndevu, mwenye ndevu ashike pampu upande wa upepo. Hili lizungumzwe na mashehe na wazee kabla ya moto, si mbele ya moto.

Kwa moto wa nyika mtungi haufai. Hakuna anayeweza kuubeba siku nzima akifyeka. Duniani kote jambo hili limewasumbua watu. Huduma ya Misitu ya Marekani kwa miaka mingi ilikataa wazima moto wake wafanye kazi wakiwa na barakoa, ikisema zitawaongezea joto, na msimamo huo ulilegea mwaka 2025 tu. Hofu ya joto si ya bure: nchini Marekani karibu nusu ya vifo vya wazima moto kazini vilitokana na moyo, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2007. Kwa hiyo Kinna barakoa ya N95 ivaliwe pale kazi inapopungua nguvu, kama wakati wa kulinda mstari, kupanda kwenye gari, kukaa kambini na kufukua magogo yanayofuka. Hizo ndizo saa nyingi, na ndizo saa ambazo watu hujisahau.

Na ipo kinga ambayo Waborana hawahitaji kununua. Kwa vizazi, wazee wa dedha wamegawa malisho ya kiangazi na ya masika, na wanaujua upepo wa nyanda zao kuliko mtabiri yeyote. Kwa upande wa Ethiopia, Waborana walikuwa wakichoma vichaka kwa makusudi na kwa utaratibu mpaka serikali ilipopiga marufuku miaka ya 1970, na vichaka vikazidi malisho. Ujuzi huo wa lini moto unapanda, lini unageuka na wapi utakufa wenyewe ni kifaa cha kulinda mapafu. Mzee anayemwambia kijana asimame upande upepo unakotoka, na auache moto ufike kwenye mchanga badala ya kuufuata ndani ya moshi, amemkinga zaidi ya barakoa yoyote.

Baada ya miali

Hatari nyingine kubwa huja wakati watu wanapofurahi. Miali imelala, mpira wa maji umezimwa, watu wanavua barakoa kama wanazo, na wanaingia kufukua. Mwenye duka anatafuta sanduku la pesa. Watoto wanaokota misumari na nyaya za shaba. Wazima moto wanapindua mabati kutafuta makaa yaliyobaki. Vipimo vimeonyesha tena na tena kwamba katika saa hiyo kaboni monoksidi, formaldihaidi na chembe laini bado zimejaa hewani, kwa sababu vitu vinavyofuka bila miali hutoa sumu nyingi. Kipimo kidogo cha mkononi cha gesi kingemwambia kiongozi wa kikosi kama pameshakuwa salama. Pasipo na kipimo, watu wakae nje hadi pasiwe na moshi kabisa, na watoto wafukuzwe, hata kama mwenye mali analia.

Kisha kuna nguo. Sumu haiingii kwa pua tu. Masizi yakikaa shingoni, mikononi na mapajani yanapenya ngozi, na ngozi yenye joto na jasho inapenyeka kirahisi zaidi. Kisha koti lile lile linawekwa ndani ya gari, linakwenda nyumbani, linatundikwa chumbani, na mke analifua pamoja na nguo za mtoto.

Wasweden wa mji wa Skellefteå waliliona hili mapema. Wazima moto wenyewe, wakiwa wamechoka kuzika wenzao kwa saratani, walianzisha utaratibu wa kutenganisha kila kilichochafuka na moto kutoka kwa kila kilicho safi, kuanzia eneo la tukio hadi kituoni. Uingereza chama cha wazima moto, pamoja na Profesa Anna Stec wa Chuo Kikuu cha Lancashire (zamani Central Lancashire), kimepigania jambo hilo hilo. Utafiti wake wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba wazima moto wa umri wa miaka 35 hadi 39 walikuwa na saratani mara nne zaidi ya watu wengine wa umri huo.

Habari njema ni kwamba dawa ya sehemu hii ni rahisi. Jimboni Illinois watafiti walipima nguo za wazima moto kabla na baada ya kuzisafisha pale pale kwenye tukio. Maji, sabuni ya vyombo na brashi viliondoa wastani wa asilimia 85 ya kemikali za masizi kwenye nguo. Vitambaa vyenye maji viliondoa zaidi ya nusu ya zile zilizokuwa shingoni. Najua thamani ya maji Kinna wakati wa kiangazi, hasa baada ya ule ukame wa 2020 hadi 2023 ambapo misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo. Lakini jerikeni moja ya lita 20, kipande cha sabuni na brashi ya kufulia vinaweza kutosha kikosi kidogo kusuguana nguo na kunawa shingo na mikono kabla ya kupanda gari. Kisha nguo chafu ziingie kwenye mfuko wa plastiki na kufungwa. Nyumbani zifuliwe peke yake.

Kifaa cha kidoleni kinadanganyika

Neno moja kwa wahudumu wa afya, kwa sababu aliyevuta moshi atafikishwa kwao kwanza. Kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni, kilichoenea wakati wa korona, kinadanganyika na kaboni monoksidi. Kinaisoma kama oksijeni. Mtu anaweza kuonyesha asilimia 98 na huku damu yake imejaa sumu. Ukimwona mtu ametoka kwenye moshi, anaumwa kichwa, anatapika au anaongea maneno yasiyoeleweka, mpe oksijeni ya nguvu kwa barakoa yenye mfuko bila kungoja kipimo. Kwa hewa ya kawaida kaboni monoksidi huchukua saa nne hadi tano kupungua nusu. Kwa oksijeni safi ni kama saa moja na nusu. Mwenye masizi puani, sauti iliyokauka au nywele za uso zilizoungua apewe rufaa mapema, maana koo linaweza kuvimba na kuziba saa chache baadaye. Na andikeni: jina, tarehe, moto wa wapi, alivuta moshi kwa muda gani.

Kuandika kunarudi kwenye sheria. Katiba ya 2010 iliipa kaunti kazi ya kuzima moto. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga, na Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka huo huo inatambua magonjwa yanayotokana na kazi. Askari wa KWS na mzima moto wa kaunti wana pa kushika. Mchungaji aliyeitwa kwa simu, akapanda pikapu na kukaa siku mbili kwenye moshi kwa ajili ya hifadhi ya taifa, hana mwajiri. Hilo naliona dhuluma. Hifadhi inalindwa kwa mapafu yake, watalii wanakuja kuona vifaru waliosalimika, na yeye hata jina lake haliko kwenye karatasi. Kaunti na KWS zinaweza kuanza kesho kwa daftari moja katika ofisi ya chifu: nani alitoka, moto gani, saa ngapi. Gharama yake ni ndogo, na ndilo litakalomtetea mtu huyo mwaka 2050.

Shule nazo zisisahauliwe. Septemba 2024, wavulana 21 walipokufa katika bweni la Hillside Endarasha kule Nyeri, siku hizo hizo bweni la Isiolo Girls nalo lilishika moto. Mwongozo wa usalama shuleni wa mwaka 2008 unataka milango miwili inayofunguka kwa nje na madirisha yasiyo na vyuma. Walimu na walinzi ndio huingia kwanza bwenini, gizani, kati ya magodoro ya sponji. Wafundishwe kwamba moshi hushuka kutoka juu, kwamba hewa iliyobaki iko karibu na sakafu, na kwamba anayeingia bila mtungi kwenye moshi mweusi huenda akaongeza idadi ya wanaotafutwa.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka, na sheria inataka wananchi wasikilizwe kikaoni. Ndugu msomaji wa Kinna, wa Rapsu, wa Garbatulla, mkiitwa kwenye kikao hicho nendeni. Ahadi ya gari la zimamoto mtapewa, kwa sababu gari linapigwa picha. Ombeni pia kompresa ya hewa na mitungi yake, katoni za N95 kwa walinzi na vijana wa nyika, kipimo cha gesi, oksijeni ya kutosha kituo cha afya, sabuni, brashi na daftari. Ombeni viandikwe kwa majina yake kwenye bajeti, kisha mwaka unaofuata mrudi kuuliza viko wapi.